Mwalimu Flaviani Hakuuawa na Mfupa

Wasikilizaji wapendwa, habari za saa hizi. Mlioko Mbinga mjini, mlioko Mkumbi, na ninyi wa kule chini Lundo mnaoanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, huku mnasikiliza, karibuni. Mimi ni Tadea Mbunda. Leo namkumbuka Mwalimu Flaviani Ndunguru wa Mkumbi, aliyefariki mwezi uliopita akiwa na miaka sabini na moja. Narudia: Mwalimu Flaviani Ndunguru, wa Mkumbi, miaka sabini na moja. Alifariki kwa kiharusi. Hilo nalo narudia, maana ndilo lililonileta. Kwa kiharusi.

Siku zote kipindi hiki nakiendesha kwa utulivu. Leo sina utulivu, nasema wazi. Kuna mama mmoja ameikimbia nyumba yake kwa sababu ya maneno yanayosemwa juu ya kifo hiki. Na wanaoyasema, baadhi yao wananisikiliza sasa hivi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mwalimu Flaviani alifundisha sayansi shule ya msingi miaka thelathini na minne. Aliowafundisha mnamjua. Ukimwambia, "Mwalimu, nadhani," anakukatisha hapo hapo: "Umeona au umeambiwa?" Alipokuwa kijana, viangazi viwili alibeba maji na mizigo ya wataalamu waliokuwa wakichimba mifupa ya kale bonde la Ruhuhu. Huko ndiko alikojifunza kwamba mfupa ukikaa ardhini miaka na miaka hugeuka jiwe. Alirudi nyumbani na tabia moja ya ajabu, ya kulamba mawe, maana mfupa wa kale hunata ulimini.

Mkewe, Mama Devotha, aliniambia hivi: "Kabla hatujachumbiana nilimwona njiani analamba jiwe. Nikamwambia dada yangu, huyu ana kasoro. Dada akasema, anajua kusoma, wewe olewa."

Sasa njooni mwezi wa tatu. Pankras na mkewe Beata walikuwa wakilima ngoro zao, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani. Mtoto wao wa miaka minne alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Msiba ulikuwa mbichi, jamani. Jembe la Beata likafukua kitu. Ukubwa wake kama ngumi, cheusi, kizito. Katikati kina tundu, na kila upande kuna kitu kimechomoza, ukikitazama unaona kama mtu aliyeinua mikono.

Anayelima ngoro anajua. Udongo wa mashimo yale unageuzwa mwaka hadi mwaka, kila kokoto mwenye shamba analifahamu. Ndiyo maana walisema: hiki hakikuwepo. Kimechongwa, kikaja kufukiwa hapa ili kumloga mtoto. Na nani? Shamba linapakana na la Mama Otilia. Mama Otilia ni mjane, mzaliwa wa Lundo. Ameolewa kwetu miaka ishirini, na mpaka leo tunamwita mgeni.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Romanus, akaitisha mkutano. Neno lilikuwa moja tu. Kama kitu kimechongwa na mkono wa mtu, Otilia anaondoka Mkumbi. Wengine walitaka zaidi ya kuondoka, hayo nayaacha. Wakampelekea Mwalimu kile kitu ndani ya mfuko, maana hakuna aliyetaka kukishika. Mwalimu akaomba siku tatu.

Mama Devotha anazikumbuka siku zile. "Alikuwa hali chakula. Anakishika, anakiweka, anatoka nje, anarudi. Nikamwambia, Baba Winnie, sema tu ni mfupa, umwokoe mwenzio. Akanijibu: nikisema kabla ya kujua, na wao watasema kabla ya kujua. Nilikasirika. Nikamwachia ugali mezani, nikaenda zangu kanisani."

Siku ya tatu nilikuwepo na kinasa sauti changu. Mama Otilia alikuwa amekaa chini, peke yake, hakuna aliyekaribiana naye. Mwalimu akatoa mfukoni mfupa wa mgongo wa mbuzi, aliouomba mgahawani. Akauweka kando ya kile kitu. Tundu kwa tundu, bawa kwa bawa, sawasawa. Akasema, "Hapa ndipo uti unapopita." Kisha akatuonyesha ukingo uliovunjika. "Jiwe lililochongwa lina alama za patasi, na ukilivunja, ndani ni jiwe tu. Hiki tazameni, ndani kina vijitundu kama mkate."

Halafu akakilamba.

Watu walirudi nyuma hatua tatu. Kitu kile kikanata kwenye ulimi wake. Akakibandua akasema, "Ulimi peke yake hautoshi, hata udongo mkavu unanata. Lakini ulimi, vijitundu na mbuzi vikisema neno moja, mimi nasadiki. Huu ni mfupa wa mnyama wa kale. Hakuna mkono wa mtu hapa."

Pankras akasimama. "Shikamoo, Mwalimu. Sasa huo mfupa umefikaje shambani kwangu?"

"Marahaba, mwanangu. Hilo sijui. Labda mvua, labda mtu aliuokota mtoni akautupa, labda hata babu yako. Kwamba ni mfupa, najua. Ulifikaje, sijui."

Moyoni nikasema, ah, Mwalimu, si ungedanganya kidogo tu? Lakini yeye hakuwa mtu wa hivyo. Mkutano ukafungwa, Mama Otilia akaenda nyumbani kwake. Mfupa ulipitishwa kwetu tuushike. Mimi niliupokea, nikampa wa pili upesi upesi, nikafuta mkono kwenye kanga. Naona aibu kusema, ila ndivyo nilivyofanya.

Siku ya ishirini baada ya hapo, Mwalimu alianguka akipogoa kahawa. Kesho yake alifariki. Jeneza halijapigwa misumari, maneno yakaanza: alilamba, akafa. Mahindi ya Mama Otilia yakafyekwa yote. Akashuka Lundo kwa kaka yake, Isidori. Yuko huko mpaka leo.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwalimu alikuwa na presha miaka tisa. Miaka tisa! Kadi ya kliniki nimeiona kwa macho yangu, na Mama Devotha ndiye aliyeniomba niseme. Maneno yake ni haya: "Alikuwa mkaidi wa dawa. Akijisikia vizuri anaruka siku nne, tano. Wiki ile ya mwisho hakumeza hata kidonge kimoja. Kama mnatafuta mchawi, basi niiteni mimi, niliyechoka kumkumbusha."

Alipomaliza kusema aliuchukua ule mfupa, uliobaki nyumbani kwao, akaulamba mbele yangu. Akaninyooshea. "Haya, mwanangu, nawe." Nikalamba. Ulinata kweli. Leo ni siku ya kumi na moja. Siku ya tatu tumbo liliniuma, nikaogopa mpaka jasho likanitoka. Kumbe ni maharage ya jana yake.

Mama Devotha, mwanao Winnie na ndugu wote, poleni sana. Mungu amlaze mwalimu wetu mahali pema peponi. Alitusaidia tukiwa tumeshikwa na hofu, na sisi tukaenda kukigeuza hata kifo chake kuwa ushahidi wa uchawi. Kila mmoja wetu ajiulize alichangia nini katika hilo. Mimi mwenyewe nimejiuliza, na jibu silipendi.

Misa ya arobaini ni Jumamosi hii, Mkumbi. Mama Devotha amemtumia Mama Otilia ujumbe: aje, atakaa naye benchi la mbele. Isidori amenithibitishia kwamba dada yake atapanda gari la asubuhi kutoka Mbamba Bay, jirani na Lundo, hadi Mbinga.

Jana nilimpigia Pankras, nikamweleza kwamba Mama Otilia anakuja. Akaniuliza gari lake linafika Mbinga saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akakata simu. Hakusema kwa nini anauliza, na mimi sikupata nafasi ya kumuuliza.

Labda anataka kumpokea mizigo. Sijui. Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi saa tatu na nusu mimi nitakuwa stendi ya Mbinga. Nawaomba mnaoweza, njooni tusimame pale pamoja, Mama Otilia asishuke peke yake.