Nguo Ambayo Hatukuifua: Risala ya Madobi kwa Mkuu wa Polisi

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mkuu wa Polisi wa wilaya yetu, meneja wetu, na ninyi wenzetu mliozima mashine ili tusikike:

Karibu katika kiwanda chetu cha udobi. Utuwie radhi kwa joto. Vikaushio hivi havipoi haraka hata vikizimwa, na feni iliyo juu yako inazunguka kwa hisani tu. Umesema unataka kusikia habari za usalama kazini. Tumekubaliana tusikupambie maneno.

HISTORIA YETU

Tuko arobaini na mmoja, wanawake thelathini na watatu. Tunafua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Doa la damu tunalianza kwa maji baridi, la mafuta kwa sabuni kavu, na la wino tunamwachia Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu hapa, ila ameikalia meza ya madoa tangu wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini historia tuliyokuandalia ni ya mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa, ameisikiliza kila sentensi, na mbili amezifuta. Tunamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

Mwaka juzi, Jumanne baada ya chakula cha mchana, Chiriku alikwenda stoo kuchukua dawa ya madoa. Mtunza stoo alikuwa mtu wa watu: alituazima mwavuli, aliwakimbiza wagonjwa wetu hospitali kwa gari lake. Siku hiyo alifunga mlango kwa ndani. Chiriku alikataa, alisukuma, alilia. Mashine zilikuwa zinanguruma, hatukusikia. Yaliyotokea humo alikwisha kuyaeleza mahakamani, hatutamrudisha huko.

 Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye karo la kufulia, akafungulia maji, akaanza kuvua sare. Alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kufua. Shangazi alimwona anavyovua sare katikati ya kazi, akaelewa bila kuambiwa. Akafunga bomba.

"Mwanangu, miaka thelathini natoa madoa ya watu," alimwambia taratibu. "Hili usilitoe. Acha liseme."

Akampa gauni lake la akiba. Nguo zote, hata za ndani, akazitia kwenye mfuko wa karatasi, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Kituoni, askari wa kaunta alimuuliza alikuwa amevaa nini na mbona hakupiga kelele, kwa sauti iliyowafikia hadi waliokuja kuripoti simu zilizopotea. Chiriku aliinuka akaondoka. Tunalisema hili bila hasira, mgeni rasmi, lakini siku ile nusura tumpoteze pale kwenye kaunta yako.

Shangazi hakumvuta wala hakumsukuma. Alimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akaandika alichokiona, akampa dawa za kukinga virusi vya ukimwi na za kuzuia mimba, akamwambia amefanya vyema kuwahi, kwani zikipita siku tatu dawa za virusi hazisaidii tena.

Kesho yake asubuhi Chiriku alisema neno moja: "Narudi."

Safari hii alipokewa na koplo wa kike. Alimwingiza katika chumba cha mafaili, akaupokea mfuko wa nguo, akaondoa mafaili kitini, akazima simu yake.

"Anzia popote unapoweza," alimwambia. "Nina siku nzima."

Siku ya tatu mtunza stoo alikamatwa. Hapo ndipo kaka yake Chiriku alipokuja na wazee wawili wa upande wa mtunza stoo, akiomba yaishie nyumbani, aibu isitapakae. Chiriku aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Kaka, aibu hii si ya kwetu," alisema. "Nimeipeleka kwa mwenyewe, na namba ya jalada ninayo."

MAFANIKIO

Mtu yule alifungwa. Nguo zile, pamoja na karatasi ya daktari, zilisema mahakamani yale ambayo wakili wake alitaka yaonekane porojo.

Kubwa zaidi ni hili. Habari za kukamatwa kwake zilipoenea, wanawake wengine wawili walikwenda kuandikisha maelezo. Mmoja alikuwa ameacha kazi hapa miaka minne kabla, nasi tukamsema kuwa ni mvivu. Leo tunamwomba radhi mbele yako. Wa pili hakuacha. Miaka sita alibaki kwenye pasi ya roli, ile mashine ya kunyooshea mashuka, akipita mbele ya stoo amebana pumzi, akidhani yuko peke yake. Alijilaumu kwamba angesema mapema, Chiriku angepona. Chiriku akamwambia wa kulaumiwa yuko rumande.

Huyo wa pasi ya roli ndiye tuliyemchagua akusomee risala hii. Ndiye huyu unayemsikia sasa.

CHANGAMOTO

Koplo yule ni mmoja. Akienda likizo, kaunta inarudi kuwa ile ile. Tena wengi hawajui kwamba mtu anaweza kuanzia hospitali. Wengi huoga kwanza, nasi hatuwalaumu. Wakiripoti hata baada ya kuoga, wasikilizwe. Na wengine huja kituoni mara moja tu. Chiriku alirudi kwa sababu alikuwa na Shangazi. Si kila mtu ana Shangazi.

MAOMBI

Tunaomba chumba chenye mlango pale kituoni. Mapazia tutashona wenyewe, na kila mwezi tutayafua bure.

Tunaomba kila zamu iwe na askari anayejua kusikiliza, awe mwanamke au mwanamume. Na aliyeripoti aambiwe kesi yake imefikia wapi. Miezi saba ya kimya ilimkondesha Chiriku kuliko siku zote za mahakamani.

MWISHO

Huenda umekuwa ukituangalia usoni, ukijiuliza Chiriku ni nani kati yetu. Hayupo. Jana alifuatwa na binti mmoja, si wa hapa kwetu, na asubuhi hii amemsindikiza kituoni kwako. Ukirudi ofisini utawakuta labda bado kwenye benchi. Tunaomba wasikae sana.

Mola akufikishe salama, awajalie askari wako masikio yenye subira, na nyumba yako isikose amani.

Ni sisi,
Wafuaji, wakaushaji, wapiga pasi na wakunjaji,
Umoja wa Madobi