Bwawa Lililonuka Baada ya Usafi

Kahawa ilikuwa bado jikoni, lakini harufu ya bwawa ilishatutangulia kijiweni. Bwawa lenyewe liko nyuma ya kibanda cha Kinyozi. Maji machafu ya mabafu na masinki ya mtaa mzima hutuama kwanza kwenye tangi, kisha huingia bwawani, na yakitoka upande wa pili yanamwagilia kitalu cha Shangazi. Miaka minne hatukusikia malalamiko. Sasa ni siku ya tisa yanatoka meusi, na Shangazi, ambaye ni shangazi wa Kinyozi kwa damu na wetu sote kwa mazoea, amefunga bomba la kitalu. Miche yake mia tatu ya mipapai imeanza kulegea majani. Sisi tulikuwa na vikombe na majibu.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake.

— Hii ni sabuni. Sabuni za siku hizi zinaua mpaka vile vijidudu vyetu.

— Vyetu vipi tena? akauliza Kinyozi.

— Vinavyokula uchafu. Hujui kuna vijidudu vimeajiriwa pale?

— Mimi nawashuku wapangaji wapya wa ghorofani. Wanaoga mara tatu kwa siku. Mtu msafi anatafuta nini bafuni mara tatu?

— Na nywele unazomwaga wewe sinkini je?

— Nywele zinachuja, Profesa. Wewe uliza tu.

Mimi fundi cherehani nikaona nisipitwe.

— Ni mwezi, jamani. Ukiwa mpevu unavuta maji juu, na tope la chini linapanda nayo.

— Hapo umenena, Profesa akanipa mkono. Likifika juu likakutana na joto la lami, linarudi chini na hasira zake.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni muda wote huo.

— Wanangu, nisipopata maji mpaka Ijumaa, nimekwisha. Sina kitalu kingine.

— Tulia, Shangazi, akasema Kinyozi. Ndiyo tunakaribia chanzo.

Hapo akatokea dada mmoja, buti za mpira mpaka magotini. Alikuwa mtaalamu wa maji taka, Shangazi ndiye aliyemwita, na alishalizunguka bwawa lote.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani wazee wangu, matete ya bwawani yako wapi?

Profesa akavua miwani akaanza kuifuta.

— Matete yapi? Kinyozi akauliza, huku anatazama barabarani.

— Yale marefu. Mizizi yake ndiyo inayosaidia kusafisha maji. Niliyapanda mwenyewe, safu saba.

Basi niseme tu. Jumamosi ya usafi wa mtaa, Shangazi akiwa msibani, sisi watatu tuliingia bwawani na mapanga na majembe, tukang'oa kila jani mpaka mzizi, tukachoma moto. Tulidhani ni magugu. Mwenyekiti wa mtaa alitusifu mbele za watu na picha tukapiga. Nilipoyasema hayo pale kijiweni, aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Shangazi hakufoka. Alimtazama Kinyozi, kisha mimi, na afadhali angefoka.

— Mtaa wa pili watatupatia mengine, mtaalamu akasema. Lakini lazima mtu aingie mle ndani ayapande kwa mkono. Na itachukua wiki kadhaa kabla maji hayajafaa tena.

— Wiki kadhaa, Shangazi akarudia. Na miche yangu itakunywa nini?

Bomba la mtaa liko kule mteremkoni, na magoti ya Shangazi tunayajua wote. Siku tisa tumemwona akipanda na kidumu kimoja kimoja, nasi tukamwamkia tu na kuendelea na hoja zetu. Nikaweka kikombe chini nikaenda kutafuta ndoo. Nyuma yangu nilimsikia Kinyozi akimuuliza yule dada, kwa sauti ndogo, kama maji ya bwawani yanafika kiunoni.