Sakafu Aliyoacha Kuifagia Mama Davis

Leo ni Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025. Shinyanga imeamka na manyunyu, na vumbi limetulia. Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Sesilia, Mama Davis, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kambarage. Amezikwa jana kijijini kwao, Samuye.

Vumbi alilijua. Mumewe alifanya kazi Segese kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi lilimwingia kifuani, na kikohozi kikamwondoa. Tangu hapo Mama Davis alitaka kitu kimoja: mfuniko wa karasha usiopitisha vumbi. Akaanza masomo ya jioni akiwa mtu mzima, akajifunza kuchora na kutumia kompyuta. Kabla ya kushika chaki alisali: "Bwana, nionyeshe nilipokosea."

Mwaka jana alikuja Violeth, mtafiti wa chuo kikuu. Alikuwa anaifundisha akili mnemba, yaani kompyuta inayojifunza, ielewe fundi anavyobuni kitu: anaanzia wapi, anabadili nini, na kwa nini. Akafunga kamera kwenye karakana yake. Mama Davis alikubali upesi. Alikuwa ameanza kuugua, na mwanawe Davis alijua kuchomelea, hakujua kubuni.

"Nikiondoka, mfuniko usiondoke na mimi," alimwambia Violeth.

Majibu ya kwanza yalipotoka, Violeth alikuna kichwa. "Mama, mashine inasema wewe hukosei. Unachora mara moja tu, basi."

"Sikosei? Mashine hiyo inasali kanisa gani, mbona inasema uongo hivyo?"

Wakacheka. Kisha Mama Davis akautazama ufagio pale mlangoni.

Wasikilizaji, yeye alibuni kwa chaki, sakafuni. Asubuhi na mapema alichora, akafuta kwa kandambili, akachora tena. Karatasi ilikuja mwisho. Lakini kwetu mgeni hakaribishwi penye uchafu. Kwa hiyo kila siku, kabla Violeth hajafika na kuwasha kamera, sakafu ilikuwa imeshafagiwa. Makosa yote yalikwenda jalalani.

"Nimeifundisha usafi," alisema, "kazi sijaifundisha."

Ufagio ukawekwa kando. Kamera ikageuzwa, ikatazama sakafu. Mashine ikaanza kuuliza: mbona umefuta mdomo wa juu wa mfuniko?

"Kwa sababu anayemimina mawe huenda ni mfupi kama mimi," alijibu. "Akiinua ndoo, vumbi linamrudia usoni."

Davis, aliyemwita mama yake Mayu, anasema: "Mimi nilipomwuliza Mayu, alinijibu, tazama tu. Mashine ilimbana mpaka akasema."

Mama Davis ametutoka Jumanne, mfuniko ukiwa nusu. Lakini maswali yake yapo. Davis akichora sasa, mashine inamwuliza kama mama yake alivyojiuliza: nani atamimina? Ana kimo gani?

Kwa Davis, kwa ndugu wa Samuye na majirani wa Kambarage, tunawapa pole. Mungu awafariji. Nasi tujiulize: ni makosa gani tunayafagia wageni wasiyaone, wakati watoto wetu wangejifunza humo?

Jana, mbele ya mchungaji, Violeth na waombolezaji wote, Davis alisimama kando ya kaburi, vidole vyake vikiwa vyeupe kwa chaki. Akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mayu, sakafu yako sitaifagia mpaka mfuniko ufungwe Segese."