Geti Limsubiri Bibi Kiberenge

Mgeni rasmi, Mstahiki Meya. Waandaaji wa mbio. Wakimbiaji wenzetu, hasa nyinyi mlio bado na magoti ya kiwandani: habari za asubuhi.

KARIBU
Karibu sana uwanjani, mgeni rasmi. Sisi ni wastaafu wa kiwanda cha nguo, na leo tunakimbia nusu marathoni. Anayesoma ni aliyekuwa mpiga king'ora wetu, maana sauti yake ingali nzima ingawa miguu inanung'unika. Risala itakuwa fupi, na sababu tutaieleza.

TULIKOTOKA
Mbio zetu zilianzia kwenye woga wa kuchelewa zamu. King'ora kikilia, barabara nzima ilikuwa mguu niponye. Jioni tulitoka na pamba kichwani, vijana tukionekana wazee; siku hizi pamba imejiotea yenyewe. Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa, na jengo sasa ni ghala la magodoro. Tukilipita mazoezini, kila mmoja hutafuta kwa macho dirisha la idara yake. Tunazikumbuka siku zile, na hatuoni haya kusema zinatuuma.

MAFANIKIO
Katika mazoezi tuna sheria moja: mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye anayeongoza, na hapitwi. Pia lazima uweze kupiga soga huku unakimbia. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Kwa njia hii presha zimeshuka na umbea umepanda.

Anayetuongoza ni Bibi Kiberenge, msokotaji nyuzi wa zamani. Jina hilo alipewa kwa sababu, kama kile kigari cha reli, haendi kasi, ila hasimami.

CHANGAMOTO
Geti la uwanja hufungwa saa nne kamili. Mwaka jana tulijifungia wenyewe. Risala yetu ilikuwa ndefu kupita kiasi; kila mtu alitaka idara yake itajwe, na paka wa stoo naye akatajwa. Mbio zikachelewa kuanza, lakini saa ya kufunga haikusogezwa. Vijana waliwahi. Sisi tulikuta kufuli, utepe umeshakunjwa, na mlinzi anakunywa chai. Bibi Kiberenge aliligusa geti kwa kiganja, akasema, "Basi jamani, tumefika." Tulirudi nyumbani bila soga.

MAOMBI
Hatuombi viatu wala fulana. Tunaomba geti lisubiri mpaka wa mwisho wetu aingie.

Utaona kiti kimoja hapa kiko wazi. Daktari amemwambia Bibi Kiberenge kwamba moyo wake unamruhusu mbio hizi tu. Baada ya leo ni kutembea. Kwa hiyo hakutaka kubahatisha. Alituambia, "Nyie kaeni msome. Mimi natangulia, maana nawajua." Ameondoka kabla ya filimbi yako. Tunajua ni kinyume cha kanuni, basi namba yake ifutwe na muda wake usiandikwe. Yuko barabarani sasa hivi, hana wa kupiga naye soga. Tutamkuta njiani, lakini hatutampita.

Jambo la mwisho. Marehemu mumewe, fundi mitambo, alikuwa na miguu mirefu. Kila mwaka alimaliza mapema, akarudi kusimama kwenye mstari wa kumalizia na sweta la mkewe mkononi, kwa kuwa mama yule akisimama tu hushikwa na baridi. Mwaka jana ndio ulikuwa wa kwanza bila yeye.

Ni desturi mgeni rasmi apewe zawadi. Sisi tunakukabidhi sweta, na si lako. Ni la kushika. Sisi wenyewe tutakuwa nyuma yake, hatuna wa kumweka mstarini. Tunajua ratiba yako imebana. Tunaomba usiondoke.

Mungu akujalie nguvu za kufika uendako, na mtu wa kukupokea.

Bibi akitokea, mvalishe taratibu. Akikuuliza ni saa ngapi, mwambie hajachelewa.

Ni sisi wako,
Zamu ya Asubuhi