Dada Yangu na Ukuta wa Mwaka 1938

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi wageni kutoka chuo kikuu mliokalishwa mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, wengi mnanifahamu kwa kuchelewesha nguo zenu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu. Mtuwie radhi kwa vumbi, na kwa tundu hilo mnaloliona ukutani nyuma yangu, naona mnalitazama kuliko mnavyonitazama mimi, vuteni subira, nitalifikia. Kaka yetu mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ameniomba nisome yaliyoandikwa tu na nisimguse mtu, nami nimemwitikia, ila yaliyoandikwa hakuyaona.

Dada alizaliwa tarehe 14 Aprili 1955, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, ndani ya ukuta huo huo uliotoboka. Ukuta huo ulisimamishwa na babu yetu mwaka 1938, kwa fito na udongo, jioni baada ya kazi, na kazi yake ya mchana ilikuwa kubeba mawe ya kujengea posta kuu ya mji, ile yenye nguzo, iliyofunguliwa mwaka huo huo kwa bendi na hotuba. Naomba mwaka huo muushike, kwa sababu ndio uliomgombanisha dada na watu wengi, wakiwemo waliomo humu uani leo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1969, na mwaka 1975 akapata nafasi chuo kikuu, idara ya usanifu majengo, msichana peke yake darasani. Mwaka 1977 wanafunzi walitumwa kila mmoja apime na kuchora jengo moja la kihistoria, wenzake wakakimbilia posta, stesheni na mahakama, yeye akarudi nyumbani, akaninyang'anya futi yangu ya kushonea, akanishikisha ncha moja, tukaipima nyumba hii yote mpaka choo. Mwalimu wake alimpa sifuri, akamwambia ametumwa jengo akaleta makazi, na kwamba nyumba ya udongo haina tarehe wala mwenyewe. Alirudi hapa amevimba kwa hasira, akatufokea sisi tusio na kosa, akasema tarehe ipo na mwenyewe yupo, amekaa pale kwenye kigoda anakunywa chai, tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Babu alicheka mpaka chai ikampalia, lakini dada hakucheka, na sidhani kama aliwahi kuisamehe sifuri ile.

Mwaka 1980 aliajiriwa chuoni hapo hapo kuwa mhadhiri, na huko akakutana na Profesa, ndiye huyu mwenye miwani aliyeketi mstari wa kwanza, wakaanza pamoja kuandika kitabu cha historia ya ujenzi wa nchi yetu. Walizunguka nchi nzima wakishika ncha mbili za futi, yeye huku, Profesa kule, na dada alikuwa na sharti moja lisilovunjwa, hakuchora nyumba ambayo hajaigusa ukuta, na hakuondoka mpaka aambiwe nani aliijenga, nani aliongeza chumba, nani alibomoa, na walikuwa wamekosana kwa jambo gani. Alisema vitabu vya majengo vinaandikwa kana kwamba jengo huzaliwa tu, mwaka fulani, msanifu fulani, siku ya ufunguzi, basi, ni sawa na mimi kuwasomea hapa tarehe aliyozaliwa dada kisha nikakunja karatasi nikakaa.

Alifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1982 na shemeji yetu, mkadiriaji wa gharama za ujenzi, mtu mpole aliyetutangulia mwaka 2009, na kwa ajili ya harusi hiyo ukuta wa sebule ulivunjwa ili wageni waenee. Walikaa humu humu nyumbani, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1984 na binti mwaka 1987, na alipokuja binti ndipo msanifu wetu alipoikata varanda ya ndani apate chumba cha watoto, akaacha korido yenye kona kali kiasi kwamba kitanda kilipita baada ya kufunguliwa vipande vipande. Tulimcheka miaka yote, shemeji akisema ameoa msanifu wa kitaifa ili ashindwe kuingiza godoro lake mwenyewe, na dada akijibu kwamba kona hiyo nayo ni historia, iacheni.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2021, akatibiwa kwa kulazwa na kuruhusiwa, na ni katika wodi ndipo Profesa alipomletea kitabu kikiwa kimepangwa tayari kwenda kuchapwa. Mwanzoni kulikuwa na kurasa chache zilizoitwa Makazi ya Jadi, hazina hata tarehe moja, na picha ya nyumba hii imo humo, kisha ndiyo yakaja majengo yenyewe, mwaka kwa mwaka, na posta ikakaa sura ya tatu. Dada akamuuliza, babu yangu mchana yuko sura ya tatu anabeba mawe, jioni yuko sura ya kwanza anakanda udongo, alikuwa akisafiri kwa chombo gani? Alichotaka ni kitu kimoja, posta na ukuta huu vikae ukurasa mmoja, mwaka mmoja, kwa sababu ni mikono ile ile. Profesa alijibu kwamba nyumba hizi hazina kumbukumbu za kuthibitisha, kwamba mchapishaji anataka majengo ambayo watu wanayajua, na kwamba muda wao wote wawili unakwisha, na katika hilo la mwisho hakukosea. Sisemi alikuwa na nia mbaya, alimpenda dada yetu, walizozana mpaka muuguzi akamtoa nje, kesho yake akarudi na machungwa, wakazozana tena huku akimmenyea.

Dada alikataa kutia sahihi ya kukubali kitabu kitoke kwa jina lake. Aliomba arudishwe nyumbani, akalala chumba cha nyuma alikozaliwa, na humo akafariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Kesho yake Profesa alikuja msibani na karatasi, maana sahihi sasa ni ya binti, ambaye dada alimwachia maandishi yake, na hapo ndipo familia ilipopasuka. Kaka mkubwa anasema binti atie, jina la ukoo wetu liingie maktaba, wengine tunasema huko ni kumgeuka marehemu kabla hajazikwa, na tangu siku hiyo tunapishana mlangoni bila salamu. Inauma, na sitaki kuificha.

Sasa tundu. Leo asubuhi dada alirudishwa kutoka mochwari, akaingizwa kwa kubebwa kwenye shuka mpaka chumba cha nyuma avishwe, na jeneza lilipoletwa lilikuwa tupu, likasimamishwa wima likapita ile kona ya korido bila taabu, kina mama wakamlaza dada humo chumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba jeneza lenye mtu halisimamishwi wima. Tukajaribu, tukashindwa, kina mama wakakataa katakata atolewe tena jenezani, na kaka mkubwa mwenyewe, huku akilia, ndiye aliyesema vunjeni ukuta wa nyuma. Fito za babu zilikuwa bado ngumu, panga likadunda mara kadhaa kabla ya kuingia, na dada akatoka uani kwa kupitia ukuta wa mwaka 1938.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala nje kwenye baridi pamoja nasi, na nyumba ya pili mliotupa viti na maji. Kwa wenzake wa kazini, shukrani yetu ina sharti, na binti amenituma nilitamke mbele ya watu wote. Profesa, fundi muashi yuko pale na udongo wake, anauliza aanze lini kuziba, nimemwambia asubiri. Uje kwanza uguse ukuta huu na uupime, kisha uandike, kwenye ukurasa wa posta, kwamba ulisimamishwa mwaka 1938 na mbeba mawe wa posta, na ulitobolewa tarehe 15 Juni 2024 ili mjukuu wake atoke. Ukiandika hivyo binti atatia sahihi leo hii, usipoandika, kitabu kitoke kwa jina lako peke yako, na tundu hili tutaishi nalo.

Futi ninayo mfukoni, ni ile ile ya kushonea. Ncha moja nitashika mimi.

Dada yangu, pumzika.