Yordani Habakuki, Aliyerudisha Watoto wa Watu kwa Mkono

Baba Paroko, wazee wetu wa kanisani na wa msikitini, majirani wa Manundu, wageni mliotoka Kwashemshi na Kwedizinga, na ninyi vijana mliolaza baiskeli zenu uani mpaka wapishi hawana pa kupita, familia inawaomba mkae, na mtani wetu aliyevaa helmeti ya marehemu tangu asubuhi akiwazuia watu mlangoni aivue kwanza, tumeshamwona, ili tusome historia ya mtu wetu kama ilivyokuwa, bila kumpaka mafuta wala masizi.

Marehemu Yordani Habakuki alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, katika kambi ya wakata mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Habakuki, aliyeletwa kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na mama Josefina, aliyekuwa akipika uji wa kambi. Katika kambi ile yalikuwapo makabila yote, na mtoto alikula kwenye mlango wowote aliokuta sufuria limeepuliwa, ndiyo maana marehemu alisema Kizigua na Kishambaa bila kufundishwa, ila Kingoni cha baba yake alikijua kwa matusi tu.

Alisoma shule ya msingi hapa Korogwe kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na tukisema kwamba alikuwa wa kwanza darasani atainuka mwenyewe atukanushe, kwa hiyo tuseme alimaliza. Mwaka 1975 aliajiriwa kiwandani kwenye mtambo wa kusaga majani ya mkonge, akafanya kazi hapo hadi mwaka 1987 shamba lilipopunguza watu, ndipo akanunua baiskeli na kuanza kuteremsha ndizi kutoka Kwashemshi hadi soko la Manundu, mikungu nyuma, breki za kumwomba Mungu, na mteremko ule mnaujua.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Fausta, aliye hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto wanne, Josefina, Paulo, Salome na Maria, na mama Fausta hakuchoka kuwaambia shoga zake kwamba aliolewa peke yake lakini akaletewa mke mwenza mwenye magurudumu mawili, tena huyo ndiye aliyekuwa akipakwa mafuta kila Jumamosi.

Mwezi Machi mwaka 2007, baada ya kuona vijana wa milimani wanavyopanda na mizigo ile kilima ambacho magari yanakilalamikia, marehemu alianzisha Timu ya Chipukizi Manundu, ya kuwafundisha vijana mbio za baiskeli, naye akawa kocha, fundi, dereva wa pikipiki ya kuwafuata nyuma, na mgomvi mkuu wa madereva wa malori. Mashindano yao makubwa ya kwanza yalikuwa tarehe 7 Agosti 2010, kutoka Korogwe kwenda Handeni, dhidi ya vijana wa Arusha waliokuja na nguo za kubana na miwani, na vijana wetu waliongoza kwa mbali mpaka walipomkuta mzee mmoja wa Kizigua anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, basi kijana aliyekuwa mbele, Sharifu, mtoto wa mama Mwaija wa Kwedizinga, akafanya alivyolelewa, akashuka, akampa mzee shikamoo, na wenzake wote nyuma wakashuka wakapanga foleni ya kuamkia. Yule mzee naye hakuwa na haraka, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, na watu wa Arusha wakapita hata hawakuamini macho yao.

Kocha hakuwa na ubavu wa kuwagombeza, maana angewagombeza kwa kosa gani, kuwa na adabu? Alichofanya ni kuzunguka kwa wazee wa njia yote ile, Ijumaa msikitini, Jumapili kanisani, akiomba watoto wapewe ruhusa ya kupita bila kuamkia wakiwa mashindanoni, na maneno yalikuwa mengi, wengine wakisema kwamba mchezo gani huo unaoanza kwa kuvunja heshima, mpaka mama Mwaija aliposimama pale Kwedizinga na kusema kwamba yeye hana neno, watoto wapite, ila kocha anayewafuata nyuma awaamkie wazee kwa niaba yao, na kwa kuwa amejifanya mzazi, basi ampokee kila mtoto kutoka mkononi mwa mzazi wake na amrudishe mkononi mwa mzazi wake, hata kama mtoto anakwenda mbali, aanzie nyumbani.

Marehemu aliyachukua maneno hayo kama kiapo. Mtakumbuka mlivyokuwa mkimsikia barabarani, vijana wamepita kama upepo, halafu inakuja pikipiki na mtu anapaza sauti, shikamoo mzee, shikamoo bibi, hao ni wangu, na wazee wakajibu marahaba huku wanacheka. Mwaka 2013 timu moja kubwa ya kulipwa ya Ulaya iliingia mkataba na Chipukizi, sisi tulee, wao wachukue walioiva, na kila kijana aliyechukuliwa, kocha alimpeleka kwanza kwao, akamshika mkono, akamkabidhi kwa mzazi, na mzazi ndiye aliyemtoa kwa wageni.

Ni mmoja tu ambaye marehemu alimkosea. Mwezi Aprili mwaka 2016 Sharifu alitakiwa Ulaya upesi, tiketi ikaja ghafla, na masika ilikuwa imekata njia ya Kwedizinga, na marehemu, ambaye aliogopa kijana asije akaikosa bahati yake, alimpeleka moja kwa moja Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege, kisha akampigia mama yake simu. Mama Mwaija alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, “Mwalimu, mtoto wangu ulimchukua kwa simu?”

Mwaka uliofuata Sharifu alianguka mashindanoni akavunjika nyonga, mkataba ukaisha, na kwa aibu akabadilisha namba, akawa anaosha vyombo na kubeba mizigo katika nchi za watu, asijulikane yuko wapi. Marehemu alimtafuta kwa kila aliyepanda ndege, na kila mwezi alikwenda Kwedizinga, akakaa barazani kwa mama Mwaija, akaletewa maji na uji, wala hakutukanwa hata siku moja, na sisi wa nyumbani tunajua kwamba hilo ndilo lililomla, angetukanwa angepona. Chipukizi ikaendelea kushinda, wakaja watu wa redio kumhoji, naye akirudi nyumbani hana furaha, na mama Fausta akimuuliza una nini, anajibu kwamba mtu hawezi kusherehekea na mtoto wa mwenzake hajulikani alipo.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2023 figo zikachoka, akaanza kupelekwa hospitali kusafishwa damu, tukambembeleza aiachie timu vijana wenye nguvu, akakataa katakata, akasema siwezi kufa na mtoto wa mtu mfukoni. Jamani, ugonjwa ulimkondesha, lakini tuliokuwa tukimgeuza kitandani tulijua kwamba kilichokuwa kikimnyima usingizi hakikuwa figo.

Tarehe 18 Januari mwaka huu, mchana, Sharifu aliteremka kwenye basi hapa Korogwe, anachechemea, begi moja begani, akaja kwa kocha kwa sababu aliona haya kwenda kwa mama yake mikono mitupu. Marehemu, ambaye kwenda msalani tu alikuwa akishikwa kushoto na kulia, aliketi mwenyewe kitandani, akamtazama sana, akalia, kisha akamfokea kama zamani, akamwambia kwamba mama yako hakunipa mbegu ili nimletee gunia, alinipa mtoto, inuka twende. Akadai koti lake la ndoa, mama Fausta akasema huyu mtu ataanguka njiani, akajibiwa kwamba akianguka aangukie huko huko Kwedizinga, na jirani yetu mzee Ramadhan akatoa gari bila kuulizwa mara mbili.

Mama Mwaija alikuwa anapepeta mahindi. Marehemu alimshika Sharifu kifundo cha mkono, wakavuka uwanja taratibu, huyu anachechemea, yule hana pumzi, kocha akasema, “Mwaija, mtoto wako huyu, nimechelewa.” Mama akaweka ungo chini, akawaangalia walivyoegemeana, wala haikujulikana nani kamshikilia nani, akasema, “Hebu kwanza, hapa nani anamrudisha mwenzake?” Hapo akacheka, cheko likageuka kilio, akampokea mwanawe kwa mikono yote miwili, akamshika na kocha, na neno lililofuata lilikuwa mmekula? Wakala ugali na mlenda, na wakati wa kurudi marehemu alilala garini akakoroma mpaka Manundu, mkewe aliyekuwa kando yake anasema hakuwa amesikia mkoromo ule tangu mwaka 2016, na kwa mara ya kwanza hakumtikisa aunyamazishe.

Siku hiyo hiyo, kabla hawajaondoka Kwedizinga, mama Mwaija mwenyewe alimshika Sharifu mkono akamkabidhi kwa kocha, akisema kwamba sasa namtoa mimi, akusaidie kufundisha wenzake, na ndiyo maana Chipukizi haikufungwa, inaongozwa na Sharifu, na kila kijana anatoka kwao kwa mkono. Marehemu aliishi baada ya hapo kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akataniana na wauguzi, akakosoa breki za kila baiskeli iliyopita dirishani, na tarehe 9 Machi, alfajiri, akiwa nyumbani kwake, alikata roho bila kuhangaika, na tunakiri mbele yenu kwamba tulilia, kisha tukashusha pumzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa waliovumilia ubishi wake, inamshukuru mzee Ramadhan na majirani wote wa Manundu, wachezaji wa Chipukizi wa sasa na wa zamani, madereva wa malori waliomsamehe, na akina mama wa Kwedizinga waliofika jana na mahindi, kuni na nguvu zao, na ambaye hatukumtaja asione tumemsahau, msiba una mambo mengi.

Mama Mwaija ameketi pale, kwenye mkeka wa wafiwa, na tulipomuuliza leo asubuhi kama ana neno lolote la kusomwa, alisema ni moja tu, tumwambie marehemu asihangaike tena, maana Sharifu amelala nyumbani. Baba Josefina, watoto wote wako kwao. Nawe sasa pumzika, amani iwe yako.