Bwana Tuone, Mpima Milango ya Jiji

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1966, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dobi, nyuma ya stesheni ya treni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi reli na mfua nguo. Wazazi wake walikuwa wametoka nchi nyingine kufuata kazi, lakini yeye hakutoka popote. Hata hivyo, tangu alipojua kuongea hadi mwaka huu, watu wa jiji hili hawakuchoka kumwuliza ametoka wapi, kwa sababu ya rangi yake na jina la ukoo wake.

Aliingia shule ya msingi Januari 1973. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kwao ni wapi.

"Juu ya dobi," alijibu.

"Nauliza kwenu hasa."

"Hasa hasa ni mlango wa kushoto."

Darasa lilivunjika mbavu, naye akasimamishwa nje mpaka mapumziko. Kilichomkaa moyoni si adhabu. Mtoto aliyekaa naye dawati moja alikuwa amehamia wiki ileile kutoka mji mwingine kabisa, na hakuulizwa lolote. Tangu hapo hakumeza neno la mtu bila kulitafuna. Ukimwambia jambo, zuri au baya, alikuangalia kwa jicho la pembeni na kusema, "Hebu tuone." Ndiyo maana mtaa mzima, na baadaye ofisi nzima, walimwita Bwana Tuone. Alimaliza sekondari mwaka 1984, kisha akasoma chuo cha ufundi kwa masomo ya jioni.

Mwaka 1987 aliajiriwa na idara ya maji ya jiji kusoma mita. Kazi hiyo ilimwingiza katika kila ua, naye aliona kwamba watu wa asili yake walikuwa wamebanana katika mitaa ile ile ya chini ya stesheni. Akiuliza sababu, aliambiwa wanapenda wenyewe kukaa pamoja. Yeye aliyekuwa ametafuta chumba katika mitaa ya juu ya stesheni miaka mitatu bila kupata hakucheka.

Mwaka 1996 halmashauri ilifungua dawati la kupinga ubaguzi na kumhamishia huko. Mkuu wa idara alimwambia, "Mambo haya wewe unayajua." Hakuichukua kauli hiyo kama sifa. Dawati lenyewe liliwekwa ghorofa ya chini kabisa, nyuma ya stoo ya mifagio. "Wametuficha vizuri," alimwambia dada yake jioni hiyo. "Mlalamikaji akifika hapa atakuwa ameshasahau alichokuja kusema."

Ni nyuma ya stoo hiyo alikoanzisha kile alichokiita kupima milango. Aliwatuma watu wawili kwa mwenye nyumba mmoja, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa na rangi na jina kama vya marehemu, wa pili hakuwa navyo. Wote walikuwa na kazi ya maana, nguo safi na swali lile lile. Wa kwanza akiambiwa chumba kimechukuliwa, na wa pili akakabidhiwa ufunguo, hapakuwa na la kubishana. Kwa ushahidi huo halmashauri ilipitisha sheria ndogo mwaka 2001, na mwenye nyumba aliyenaswa alinyang'anywa kibali cha kupangisha. Vyumba vilianza kupatikana. Wenzake walisherehekea, naye alisema vimepatikana vile tu ambavyo wenyewe wanadhani vinapimwa.

Jiji letu lilipojiunga na majiji mengine yaliyoapa kupambana na ubaguzi, lilisimamisha bango kubwa kwenye barabara ya uwanja wa ndege: Jiji la Watu Wote. Marehemu alikwenda kuliona, akalizunguka. "Limewageukia wageni," alisema. "Sisi tuliomo ndani tunaona mgongo wake." Lakini hakuacha kazi. Alisema serikali iko mbali na mbinguni ni mbali zaidi, ila chumba, maji, shule na kaburi viko mikononi mwa jiji, kwa hiyo jiji ndilo la kukabwa koo.

Alifunga ndoa tarehe 14 Februari 1998 na fundi cherehani aliyekuwa akijitolea kupima milango pamoja naye. Yeye hakuwa wa asili ya marehemu, na kila mlango uliomfungia mumewe mtarajiwa ulimfungukia. Alipokubali kuolewa, marehemu alimwuliza, "Mbona umekubali haraka hivi?"

"Kwani wewe unanioa au unanipima?"

"Nauliza tu. Tutaishi vizuri kweli?"

"Hebu tuone," fundi akamjibu. Walijaliwa watoto wawili, na hilo la kuona liliwachukua miaka ishirini na sita.

Alianza kuugua figo mwaka 2022. Akiwa wodini alipatana na mgonjwa wa kitanda cha pili, asiye wa asili yake, wabonyeze kengele kwa zamu, waone nani anakimbiliwa. Muuguzi alikuja mbio mara zote. Marehemu alinong'ona, "Wametushtukia." Muuguzi huyo yupo nasi leo, na anasema hajawahi kuangaliwa namna ile na mtu aliyekuwa akimwambia asante.

Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2024, mke na dada yake wakiwa kando yake. Kabla ya hapo aliwaachia kazi moja. Makaburi haya yamegawanywa na mfereji wa maji ya mvua. Zamani watu wa asili yake walizikwa chini ya mfereji kwa amri, na amri hiyo ilifutwa mwaka 1994. Lakini yeye aliwazika wazazi wake baada ya hapo, na mara zote mbili aliambiwa juu kumejaa.

"Nikifa, mnipimie," aliwaambia. "Mimi nitalala chini, kwa mama. Lakini kwanza niambiwe juu kuna nafasi. Nikienda chini, niende kwa miguu yangu."

"Ukiwa umekufa?" mkewe aliuliza.

"Umenielewa."

Alipofariki, dada yake ndiye aliyetangulia kwenda ofisi ya makaburi. Karani wa makaburi aliuliza jina la ukoo, na kabla hajafungua chochote akanyoosha kidole. "Juu kumejaa, dada yangu. Chini ndiko kuna hewa."

"Hewa ya nini tena?" dada aliuliza, akatoka kungoja barazani.

Kisha akaingia mke, akatoa jina la baba yake mwenyewe. Alionyeshwa mahali pazuri, karibu na ukuta, juu. Dada akarudi ndani.

"Umepata, wifi?"

"Nimepata, wifi. Tena penye kivuli."

Karani akawatazama, huyu na huyu. "Kumbe ninyi ni mawifi?"

"Marehemu ni mmoja," alisema mke. "Nafasi zimekuwaje mbili?"

Kisha akamwambia karani amwandikie marehemu nafasi ya chini, kando ya mama mkwe, na pembeni yake aweke nafasi ya mke pia.

"Lakini mama, chini si kwa..."

"Si kwa nani?"

Sentensi hiyo haijamalizika hadi leo.

Mkuu wa jiji, aliyeketi safu ya mbele, ameiahidi familia kwamba kuanzia Jumatatu kila mfiwa ataonyeshwa pande zote mbili na kuchagua mwenyewe. Familia inamshukuru. Inamjulisha pia kwamba majirani wawili wamejitolea kuja kuulizia nafasi, mmoja baada ya mwingine. Haitasema ni akina nani, wala watakuja lini.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kike na wa kiume, dada mmoja, kengele ya wodini inayomkumbuka, na dawati ambalo bado liko nyuma ya stoo ya mifagio. Analala kwa mama yake, mahali alipopachagua.

Apumzike kwa amani. Shaka zake ametuachia sisi.